Siku yangu moja na vigogo vya ziwani

Saa 11:40 alfajiri

Giza halijatoka vizuri na mitumbwi ya dagaa ndiyo kwanza inarudi. Nipo ufukweni Luchelele, pembeni mwa jiji la Mwanza, gambuti miguuni na gunia begani. Usiku kulivuma, na kukivuma ziwa linatema: magugumaji, chupa, vipande vya nyavu, na kile ninachokifuata mimi, miti. Matawi na mizizi iliyokaa majini hadi magome yakaisha, sehemu laini ikaliwa, ukabaki moyo wa mti peke yake. Hiyo ndiyo ninayoitayarisha kwa ajili ya akwariamu, yale matangi ya kioo ya kufugia samaki, za watu majumbani.

Gambuti ni lazima. Ziwa Victoria lina kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaoganda kwenye majani na miti ya kando kando, kisha hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kwa hiyo siingii peku, na kigogo kilichoshikwa na konokono nakishika kwa glavu.

Siokoti kila kitu. Kwanza nabonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukizama, mti umeoza. Ndani ya akwariamu utaendelea kuoza, na kuoza kunakula hewa ile ile wanayovuta samaki. Kisha nanusa. Kisha nakata ncha kwa msumeno mdogo, na nikikuta ubichi au utomvu, nauacha hapo hapo. Mbao za mitumbwi iliyovunjika sigusi, kwa sababu ya rangi na misumari. Na Kisiwa cha Saanane siendi kuokota hata ufito: ile ni hifadhi ya taifa, kilichomo kinabaki humo.

Saa 12:30 asubuhi

Karibu na mwalo yupo mzee mmoja fundi wa mitumbwi. Sijawahi kumpita bila kumwonyesha nilichookota, maana ameshika mbao maisha yake yote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo limekupa nini?"

Namwaga gunia. Vipo vitano. Anavigeuza taratibu, anachukua kile nilichokuwa nimekipenda kuliko vyote, kimejigawa matawi kama pembe za swala.

"Hiki tupa."

"Kina nini babu?"

"Huu mnyaa. Tazama tawi linavyochomoza, pingili pingili kama kidole. Zamani watu walikuwa wanauponda wanautia kwenye dimbwi, samaki wanaelea. Sasa wewe unataka kumpelekea mtu nyumbani?"

Nilikaa kimya. Huku Usukumani mnyaa uko kila mahali, ndio uzio wa maboma, na kila mtoto anajua utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni kilio. Lakini ukishakauka na kuoshwa na mawimbi unafanana na mti mwingine wowote. Kwa hiyo sheria yangu ni hii: mti ambao mimi sijautambua na babu hajautambua, hauingii majini. Mwarobaini hapana. Mkaratusi hapana, wala msonobari, kwa sababu ya mafuta na gundi vilivyomo. Mpera ukipatikana nafurahi kweli, mgumu, mzito, umejikunja wenyewe.

Nikabaki na vinne.

Saa 2 asubuhi

Nyumbani, uani. Chai, chapati mbili, kisha brashi ngumu. Nasugua kwa maji na chumvi ya mawe, nachokonoa kila tundu kwa kisu, natoa mchanga, mayai ya konokono, mizizi ya magugumaji. Sabuni haigusi mti, hata kidogo. Mti unanyonya kama sponji. Ulichoupaka leo utautema taratibu ndani ya akwariamu. Jiki vilevile. Wapo wanaoitumia na kuisuuza sana, mimi siitumii, kwa sababu moto unafanya kazi hiyo hiyo na haubakizi kitu ndani.

Hapa niseme lililonipata mwaka wangu wa kwanza. Niliokota kisiki kizuri karibu na mahali boti zinapoegeshwa. Kilikuwa na harufu ya petroli kwa mbali sana, nikajiambia itaisha kwenye maji ya moto. Nikakichemsha, nikakiloweka, nikampelekea kijana aliyejinyima miezi kadhaa kununua akwariamu yake. Kesho yake akanipigia: juu ya maji kuna utando unaong'aa rangi rangi, samaki wako juu wanatafuta hewa. Nilipofika walikuwa wamekufa 11. Nilimlipa wote, lakini sijasahau sura yake akiwatoa mmoja mmoja kwa kichujio. Mafuta yaliyozama kwenye mti hayatoki kwa kuchemsha. Tangu siku hiyo nikinusa mara moja na kusita, nimeshakataa.

Saa 3:30 asubuhi

Sufuria kubwa la shughuli liko kwenye mafiga. Ni la vigogo tu, halitapika tena chakula cha mtu. Vigogo vyote vizame, jiwe juu. Sijawahi kuweka mti kwenye oveni na simshauri mtu: ukikauka sana unashika moto.

Kuchemsha kunaua mayai ya konokono, kuvu, wadudu, na kunasukuma hewa nje ili mti usielee. Mwanza tuko kwenye mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ndiyo maana sihesabu dakika 20 nikaridhika. Nachemsha saa moja, namwaga, naweka maji mapya, nachemsha saa nyingine. Maji ya kwanza hutoka meusi kama strungi iliyosahaulika jikoni. Ya pili huwa mekundu. Wengine huchemsha siku nzima wakidhani ndiyo usalama. Mti unaopikwa hivyo unalainika na kuanza kumeguka. Masaa mawili yanatosha, kazi inayobaki ni ya kuloweka kwenye ndoo.

Saa 8 mchana

Nyegezi, kwa mwalimu mmoja mstaafu. Anafuga furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, alipopandikizwa miaka ya 1950 na kuja kuzagaa miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilipotea. Mwalimu anasema anakumbuka ziwa la kabla ya hapo, na ndiyo sababu anawafuga. Namheshimu sana kwa hilo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba baba. Njoo uone, kigogo chako kinaota pamba!"

Kweli, kigogo cha wiki mbili zilizopita kimefunikwa na utando mweupe, mlaini, unayumba na maji. Nilimweleza kwamba ni kuvu na bakteria wanaokula sukari iliyobaki kwenye mti, hauwadhuru samaki, na hupungua wenyewe ndani ya wiki chache. Nikakitoa, nikakipiga brashi kwenye karai, nikakirudisha. Konokono wake wa akwariamu watamalizia.

Akaniomba cha pili, akiweke leo leo.

"Mwalimu, chako bado hakijawa tayari. Kina siku 9 tu kwenye ndoo."

"Si umekichemsha?"

"Nimekichemsha. Lakini bado kinatema rangi, na bado kinaelea upande mmoja. Nipe wiki mbili."

Hakufurahi. Akanionyesha ndani: dume mmoja anamfukuza mwenzake kona kwa kona, na jike amejibana nyuma ya kigogo, mashavu yametuna. Anatunza mayai mdomoni. Asingekuwa na kigogo kile cha kujificha angesumbuliwa hadi ayateme. Nilimwelewa kwa nini ana haraka. Nikamwachia mawe mawili makubwa niliyoyachemsha, ayapange kama ukuta kwa muda.

Saa 11 jioni

Saa ninayoipenda. Nina ndoo sita zimepangwa kivulini, kila moja na namba na tarehe. Kwenye ukingo wa ukuta napanga vikombe sita vyeupe, nachota kila ndoo kikombe kimoja, na cha saba natia maji safi. Kisha nainama nikavitazama kwa pamoja. Ndoo ya 1 ni kahawia. Ya 2 na ya 3 ni kama chai ya mgonjwa. Ya 6, siku ya 23, naihamisha hamisha karibu na kile cha maji safi na sioni tofauti.

Rangi ile ni tanini, hiyo hiyo iliyomo kwenye majani ya chai. Siyo sumu, na wapo samaki wa mito ya misituni wanaoipenda. Lakini inashusha pH, yaani inaongeza uchachu wa maji, hasa yakiwa laini, yenye madini kidogo, na furu wamezoea maji yasiyo na uchachu. Kwao nataka itoke karibu yote.

Namwaga, najaza upya. Maji ya bomba nayaacha kwenye pipa wazi tangu jana ili klorini ipungue. Kigogo cha ndoo ya 6 kimezama chenyewe, kimelala chini kimetulia. Cha ndoo ya 5 bado kinainua kichwa, nacho kikiendelea hivyo nitakifunga kwenye jiwe bapa kwa skrubu ya stenlesi. Mawe Mwanza hatukosi.

Saa 3 usiku

Vigogo vya leo vimepoa, nimeviingiza vinne kwenye ndoo mbili mpya, ya 7 na ya 8. Daftari liko wazi mezani. Ndoo ya 4, ya mwalimu: siku ya 9, rangi imepungua, bado inaelea upande wa kushoto. Chini yake nimeandika nimpigie kesho asubuhi nimuulize yule jike ameamkaje.