Binti wa Nyumba ya Naamani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 2 Wafalme 5:1–19.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Pemba, nilikuwa Mkristo peke yangu shehiani. Kwenda kanisani ni hadi Wete, kwa nauli, na Jumapili nyingine nilijipa udhuru. Majirani hawakunitenga hata siku moja. Ramadhani, magharibi ikiingia, mtoto wa nyumba ya pili aliniletea futari: bakuli la muhogo wa nazi, limefunikwa kawa. Biblia yangu ilikaa chini ya begi la nguo. Nilijiambia ni kwa heshima yao.

Msimu wa karafuu, jioni moja, nilikaa barazani na mama wa yule mtoto tukichambua. Akaniuliza, wala hakuwa na hila: “Mwalimu, kwani nyinyi hamna sala?”

Nikacheka, nikamwambia tunazo.

“Mbona sijakuona?”

Nikainamia makonyo yangu. Yeye aliamka kila alfajiri akatandika msala wake, na muda wote ule alikuwa ananihurumia. Alidhani sina Mungu.

Ndipo nilipomkumbuka binti wa nyumba ya Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma. Hata jina hakuandikiwa. Washami walimteka kutoka Israeli wakampeleka kumhudumia mke wa jemadari. Hana kuhani, hana nabii, hana wa kushika sikukuu naye. Mimi ningekuwa yeye, ukoma wa yule bwana ningeuona unamstahili. Yeye anasema tu, laiti bwana wangu angekuwa pamoja na yule nabii aliyeko Samaria, maana angemponya.

Basi, amemaliza. Na kwa neno hilo la kijakazi, jemadari anakwenda kwa mfalme wake, anafungasha talanta 10 za fedha na vipande 6,000 vya dhahabu, anasafiri. Mtu haaminiwi hivyo kwa siku moja. Nadhani nyumba ile ilikwisha kumjua binti huyu ni mtu wa namna gani, na anamwita nani akiwa taabuni.

Habari za Yordani mnazijua: alijichovya mtoni mara saba kama nabii Elisha alivyomwagiza, akapona. Mimi hukaa zaidi kwenye mistari ya 17 na 18, ambayo mara nyingi tunaipita. Naamani anaomba udongo wa Israeli, mzigo wa nyumbu wawili, kisha anaomba asamehewe atakapoinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, mfalme akiegemea mkono wake. Elisha anamjibu, enenda kwa amani. Wakati ule wa Pemba ningeushika mstari huu kama kibali cha kuficha Biblia yangu. Lakini Naamani anaomba hayo akiwa amekwisha kukiri mbele ya msafara wake wote kwamba hakuna Mungu ila wa Israeli. Hofu yake ya kesho ameisema waziwazi, hajaivika jina la heshima.

Baada ya hapo Biblia haimtaji tena yule binti. Mimi humwona uani, nyumbu wanaingia. Watumishi wanashusha magunia wakiulizana bwana ameleta nini kutoka safari yote hiyo, kumbe ni mchanga. Katika nyumba nzima, yuko mmoja tu ambaye angeujua udongo ule bila kuelezwa.