Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa wodi ya kuongezewa damu, Muscat

Saa 11:30 alfajiri

Hata chai sijanywa, namtumia ujumbe mwenzangu anayefungua wodi: "Yule kijana wa kitanda cha dirishani leo asichomwe haidrokotisoni."

Kuna wagonjwa wakiongezewa damu huwashwa na kutoka vipele, kwa hiyo huchomwa dawa hiyo kwanza. Kijana huyu ni mmoja wao. Sasa, mwili hutengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari na kuusaidia mwili kuhimili maradhi. Haidrokotisoni ndiyo kotisoli hiyohiyo, ila imetoka kiwandani, na leo tunataka kujua mwili wake mwenyewe unatengeneza kotisoli kiasi gani. Akichomwa, kipimo kimeharibika na itabidi tungoje zamu yake nyingine ya damu.

Saa 1:00 asubuhi

"Sabalkheri mwanangu, umeamkaje?" Mamake huyo, Kiswahili cha Unguja kabisa. Familia yao, kama yetu, ilirudi Oman kutoka Zanzibar. Namwamkia, ananipokea kwa dua ndefu, kisha anashtaki: "Huyu mtoto amezidi kulala. Damu anatiwa, dawa anakunywa, kazi kulala tu. Babake anasema uvivu."

Wodi imeshajaa. Hapa Oman takriban watu 6 katika kila 100 wamebeba kinasaba cha siko seli, na wapatao 2 cha beta-thalasemia, maradhi mawili ya damu ya kurithi. Wakioana wawili waliobeba, ndipo wanapopatikana watoto wetu hawa. Kijana ana thalasemia kubwa, aina kali ambayo mwili hautengenezi damu ya kutosha, na tangu utotoni anaishi kwa damu za watu.

Saa 2:00 asubuhi

Kotisoli hupanda alfajiri na kushuka usiku, ndiyo maana tunapima saa hii. Kwanza presha: amelala, 112 kwa 70. Namsimamisha, dakika tatu, 88 kwa 58, na ameshika ukingo wa kitanda.

"Kizunguzungu?"

"Kila siku, dada. Nilidhani ni damu."

Kila mtu hudhani ni damu. Kwa maoni yangu hilo ndilo tatizo kubwa la wagonjwa hawa: uchovu wao umeshapata jina, basi hakuna anayeutafutia jina la pili. Lakini mwezi uliopita huyu alitiwa damu, hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikapanda vizuri, na uchovu ukabaki palepale. Juu ya hayo alikuwa na kichefuchefu asubuhi, hamu ya vitu vya chumvi, na sukari iliyoshuka siku alipopata mafua. Daktari aliposoma hayo akaagiza kipimo.

Natia kanula, kimrija cha mshipani, natoa damu ya kwanza. Chupa moja inakwenda maabara ndani ya barafu, ni ya ACTH, homoni ambayo tezi ya pituitari chini ya ubongo huitumia kuziamrisha tezi za adrenali, zile mbili zinazokaa juu ya figo, zitengeneze kotisoli. Kisha namchoma Synacthen, mikrogramu 250. Hiyo ni ACTH ya kutengenezwa. Tunazipigia kelele tezi, halafu tunasikiliza zitajibu nini.

Saa 2:30 na saa 3:00

Damu ya pili, damu ya tatu. Katikati namwambia mama kwamba tunashuku chuma cha damu anazotiwa mwanawe kimeumiza tezi, naye ananiuliza kinafikaje huko.

Namwambia hivi. Chupa moja ya damu ina chuma miligramu 200 hadi 250. Chakula cha siku nzima huingiza miligramu 1 au 2 tu, na mwili hauna njia ya kukitoa kinachozidi. Mwanawe hutiwa chupa mbili kila wiki tatu. Protini inayobeba chuma kwenye damu ikijaa, kinachobaki kinazurura bila mwenyewe, kinaingia kwenye ini, moyo, kongosho na tezi, na huko kinaunguza seli polepole. Pituitari huwa miongoni mwa za mwanzo kuumia. Ndiyo sababu vijana wengi wa thalasemia huchelewa kubalehe, na huyu wetu ndevu alizipata kwa sindano za testosteroni.

"Na ile pampu ya usiku?"

Ile pampu ya Desferal ilikuwa ya kukitoa hicho chuma: sindano chini ya ngozi, saa 8 hadi 12, usiku tano kwa wiki. Kijana anaangalia dirishani. Alipokuwa na miaka 15 aliiacha, na simlaumu. Nani anataka kulala na sindano tumboni wakati wenzake wanacheza mpira? Sasa anameza deferasiroksi, dawa ya kazi hiyohiyo, mara moja kwa siku.

Saa 4:00 asubuhi

Damu ya kuongezewa inaanza kushuka kwenye mrija. Wagonjwa wengine, kanula nyingine, mtoto mmoja analia hadi wodi nzima inamsikia.

Saa 7:00 mchana

Swala, wali na papa, chai. Mwenzangu anatania kwamba chai inazuia chuma. Ni kweli, inapunguza kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula, na kwa wasiotiwa damu mara kwa mara inasaidia. Kwa anayetiwa chupa mbili kwa mpigo, birika zima halifui dafu.

Saa 8:30 mchana

Majibu ya kotisoli, kwa nanomoli katika lita: 165, kisha 280, kisha 330. Kutegemea mashine ya maabara, tunatarajia ipite 430 hadi 550. Haikufika. Majibu ya ACTH yatachelewa, na ndiyo yatakayosema kama kosa liko kwenye adrenali au kwenye pituitari. Kwa kawaida adrenali zikifa ngozi huwa nyeusi, alama aliyoieleza Thomas Addison huko London mwaka 1855. Lakini mgonjwa mwenye chuma kingi ngozi yake hubadilika rangi vilevile, kwa hiyo hapa macho hayatoshi.

Saa 9:30 alasiri

Daktari ameandika haidrokotisoni ya vidonge, dozi kubwa anapoamka, ndogo mchana. Mafunzo ni kazi yangu. Homa ikipita 38, anazidisha dozi mara mbili. Ikipita 39, mara tatu. Akitapika vidonge, au akianza kuzimia, anachomwa miligramu 100 kwenye paja na analetwa hapa mbio, hangoji asubuhi. Akipasuliwa au akivunjika mfupa, daktari yeyote aambiwe kwanza kwamba anatumia dawa hii. Namshikisha mama sindano, tunajifunzia kwenye chungwa. Mara ya kwanza anafumba macho.

"Fungua macho, mama."

Anafungua, anachoma sawasawa. Kisha anatoa simu, anampigia mumewe palepale wodini, na salamu hana: "Njoo utuchukue, na wewe uje ujifunze kuchoma hii sindano."