Nilivyokuwa saidia fundi wa binti yangu

Gari lilikuwa langu kwa makaratasi tu. Volkswagen kobe la miaka ya 1960, injini ya cc 1600 iliyopachikwa baadaye, sakafu imeliwa na kutu hadi ukikaa nyuma unaona ardhi. Aliyetaka tuligeuze hoti rodi, yaani gari kuukuu lililopunguzwa uzito na kuongezwa nguvu, ni binti yangu, wakati huo ana miaka 15. Alikuwa ameona picha za vijana wa California wa kabla ya Vita Kuu ya Pili, waliokuwa wakichukua Ford kuukuu, wanang'oa madigadi na kila kilicholitia uzito, kisha wanachomeka injini ya V8, yenye silinda nane, ambayo Ford ilianza kuiuza mwaka 1932. Nikamwambia sisi V8 hatuna. Akajibu kwamba madigadi ya kung'oa tunayo, manne.

Na kweli kobe linafaa kwa kazi hiyo. Madigadi yake yote yamefungwa kwa bolti, bodi lote linanyanyuka kutoka kwenye chesi ukishafungua bolti za pembeni, na injini imeshikwa na gia boksi kwa bolti nne tu. Watu wawili na jeki nzuri wanaishusha.

Mwezi wa kwanza niliuharibu mimi. Si fundi kwa kazi, lakini magari yangu nimezoea kuyafungua mwenyewe, na mkono wangu una haraka. Akihangaika na nati dakika mbili, namnyang'anya spana: "Lete nikuonyeshe." Siku moja akaiweka chini, akafuta mikono, akasema, "Baba, ukimaliza kunionyesha, gari litakuwa limekwisha." Akaingia ndani. Wiki tatu hakukanyaga pale. Nikaendelea peke yangu jioni mbili tatu, lakini kazi haikuwa na ladha, nikaacha.

Nilimfuata na pendekezo moja: yeye fundi, mimi saidia fundi. Saidia fundi anajulikana kazi yake. Anatoa spana, anaosha vipuri, anashika taa, ananyamaza. Aliyewahi kumshikia baba yake taa utotoni anajua mateso yale, "mulika hapa, si huko!" Sasa ya kwangu yalikuwa yanalipwa kwa riba.

Mambo matatu tu sikumwachia. Hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, lazima stendi ziwepo. Breki nakagua mwenyewe baada yake, kila nati. Na sakafu tulimpa mchomeleaji, maana sakafu ni sehemu ya chesi, na chesi ya kobe ndiyo uti wa mgongo wake, na kati yetu hakuna anayechomelea chuma cha kubeba roho za watu. Madigadi nayo tulikubaliana yawepo madogo, kama ya pikipiki, kwa sababu sheria za barabarani kwingi hazipendi tairi lililo uchi. Alinuna siku moja, yakaisha.

Tuliposhusha injini, yeye alileta utaratibu ambao mimi sikuwahi kuwa nao. Kila bolti ndani ya mfuko wake, juu ameandika imetoka wapi, na picha kabla ya kufungua. Mimi miaka yote nilikuwa natupa kila kitu kwenye kopo moja na mwishoni zinabaki nati tatu zisizo na kwao.

Ugomvi mkubwa ulihusu silinda. Akachukua kalamu: pistoni ya 1600 ina kipenyo cha milimita 85.5, inasafiri milimita 69, tafuta ujazo wa silinda moja, zidisha kwa nne, unapata sentimita za ujazo 1,584 na ushee. Hesabu ambayo darasani ilimchosha hapa aliifanya bila kutumwa. Kisha akagundua zipo silinda za milimita 88 zinazoingia kwenye tundu zilezile bila kupeleka kasha la injini kuchongwa. 1,678! Nikakataa. Ili silinda pana iingie kwenye tundu lilelile, lazima ukuta wake upunguzwe unene, na injini hii haina maji, inapozwa kwa hewa na mafuta. Ukuta mwembamba ukipata moto unapoteza umviringo, ringi zinashindwa kuziba, injini inaanza kula mafuta. Tena kwenye mfumo wa feni wa zamani kama wetu, kipoza mafuta kimekaa kwenye njia ya hewa ya silinda namba tatu, kwa hiyo masikini huyo anaoga hewa ya moto kabla hujamwongezea chochote. Tukafunga 85.5 mpya. Hakuridhika.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupima mchezo wa kirenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ule mwendo wake wa mbele na nyuma. Unatakiwa uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13, na unarekebishwa kwa washa tatu nyembamba nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa mwisho wa kirenki. Alipima, akabadilisha washa, akapima tena, jioni nzima. Ilipofika 0.10 aliniita nisome geji mwenyewe. Baada ya hapo kuna nati moja kubwa ya flaiwili inayokazwa kwa nguvu ya karibu nyutoni-mita 340, tukatumia bomba refu, yeye juu ya bomba, mimi nimezuia flaiwili isizunguke.

Siku ya kuwasha, yeye alikuwa anarekebisha tapeti, yaani nafasi ya vali, milimita 0.15 injini ikiwa baridi, mimi nikaomba angalau nipange nyaya za plagi. Akanipa. Akapiga stata, injini ikakohoa, ikatema moto juu kupitia kabureta, kimya. Nikaanza kulaumu petroli. Nikalaumu kabureta, nikataka tuifungue. Yeye akaenda kwenye boksi alilokuwa amechora mchoro, akarudi na taa. "Baba, shika." Nikashika. Akagusa nyaya moja moja. Nilikuwa nimehesabu silinda kutoka nyuma, kwa sababu injini iko nyuma na mimi nimesimama nyuma. Kobe namba moja yake iko kulia, upande unaoelekea mbele ya gari, namba mbili inaifuata nyuma yake, na kushoto ni tatu na nne kwa mtindo huohuo. Moto unakwenda moja, nne, tatu, mbili. Akahamisha nyaya zote nne. Hakusema neno, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Mara ya pili iliwaka.

Sasa ana miaka 18. Gari linatembea, linavuja mafuta kidogo pale kwenye mifuniko ya tapeti kama kobe wengine wote, na lina kelele ambayo majirani wameizoea, au wamechoka kulalamika. Juu ya meza ya kazi amebandika picha ya silinda za milimita 88. Kila nikipita naitoa, na kila Jumamosi naikuta imerudi.