Ng'ombe na baridi kali: namna ninavyowavusha

Ng'ombe mzima aliyeota manyoya mazito ya baridi hustahimili hadi kama nyuzijoto 8 za Selsiasi chini ya sifuri kabla hajaanza kuteseka, mradi manyoya ni makavu na tumbo limejaa. Mloweshe ng'ombe huyohuyo, ataanza kuchoma akiba ya mwili wake kwenye nyuzijoto 15 juu ya sifuri. Tofauti hiyo ndiyo inayopanga kazi zangu zote majani ya miti yanapoanza kupukutika. Sihangaiki kupasha banda joto. Nahangaika manyoya yasilowe, upepo usimpige mnyama ubavuni, na maji ya kunywa yasigande.

Maji ndiyo yenye kusumbua kuliko yote. Ng'ombe asiyekamuliwa hunywa lita 30 hadi 40 kwa siku hata kwenye baridi. Wa maziwa mengi huweza kufika 100. Akinywa kidogo hula kidogo, na chakula ndio moto wake. Bomba nimelifukia chini ya kina ambacho ardhi huganda, na koki ya nje ni ile yenye valvu chini kabisa: ukifunga, maji yaliyobaki kwenye bomba la wima hujimwaga kwenye kokoto. Kinachoiponza ni mpira wa maji ulioachwa umechomekwa. Hewa haipati njia ya kuingia, maji yanabaki juu, yanaganda, na yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Chuma hupasuka. Kwa hiyo mpira unachomolewa kila mara, hata kama unahitajika tena baada ya nusu saa.

Bomba likishaganda, fungua koki kwanza, kisha yeyusha kuanzia upande wa koki ukirudi nyuma, kwa matambara yaliyochovywa maji ya moto. Moto wa wazi usiutumie: mvuke ukinaswa kati ya vipande viwili vya barafu hulipasua bomba mkononi mwako.

Birika la kunyweshea nalifunika theluthi mbili kwa mbao, maana joto jingi hutorokea juu. Ukiweka kipasha maji cha umeme, kiwe na waya wa ardhini, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulio mzima. Umeme kidogo ukivuja, mtu mwenye buti za mpira hausikii, ila ng'ombe anausikia kwenye pua iliyolowa. Utamwona anasogea, anagusa maji kwa ulimi, anarusha kichwa nyuma, kisha anasimama palepale akiyatazama. Ukiona hivyo, zima umeme kwanza, ndipo utafute ugonjwa.

Nyasi kavu natoa nyingi zaidi jioni. Vijidudu vya tumboni vinapochachusha nyuzinyuzi hutoa joto saa kadhaa baada ya mlo, kwa hiyo mlo wa jioni ndio unaopasha usiku. Kuongeza nafaka ghafla si dawa. Huchafua tumbo kwa asidi. Kwa kila nyuzijoto moja chini ya kiwango anachostahimili mnyama, hesabu takriban asilimia 2 zaidi ya chakula: baridi ikizidi kiwango hicho kwa nyuzijoto 10, aliyekuwa akila kilo 10 anahitaji 12. Usiyaamini macho hapa. Manyoya ya baridi huficha mbavu, na aliyekonda huonekana amenona. Napapasa kwa vidole mbavu na nyonga za kila mmoja, kila wiki mbili.

Kosa ninaloliona sana ni kuziba banda kila upenyo. Pumzi na mkojo hujaza unyevu, dari linaanza kudondosha matone, manyoya yanalowa, na harufu kali ya amonia inachoma mapafu, nimonia hufuata. Mimi huziba upande wa upepo, chini, usawa wa mnyama anapolala, na juu kabisa karibu na paa naacha wazi. Matandiko nayapima kwa magoti: piga magoti kwa sekunde 20, suruali ikilowa ongeza majani makavu.

Baada ya kukamua, dawa ya chuchu ikae sekunde 30, kisha ifutwe hadi chuchu ikauke. Chuchu mbichi kwenye upepo wa baridi hupasuka na kutoa vidonda.

Ndama ndiye wa kuamkiwa usiku. Baridi inayompendeza mama yake inamtesa yeye, kwa kuwa hana mafuta ya kutosha wala tumbo la kuchachusha. Nampa dang'a, maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa, lita 3 hadi 4 ndani ya saa 2 za mwanzo, iliyopashwa hadi joto la mwili. Majani makavu yawe marefu kiasi kwamba akilala miguu haionekani. Namsugua kwa taulo hadi manyoya yasimame, kisha narudia masikio na ncha ya mkia, kwa sababu ndizo sehemu zinazoganda kwanza na zikiganda hukatika.