Leo tunalala shambani kwa mtu

Jamani, Ufaransa kuna mambo!

Shemeji kakodi lile gari lenye vitanda, jiko na choo humo humo. Nilidhani jioni hii tunatafuta kambi ya kulipia. Kumbe tunakata kona kwa mkulima wa zabibu, huku Alsace.

Kuna mpango unaitwa France Passion, upo tangu 1993. Unalipia uanachama wa mwaka, kisha wakulima wanakupa nafasi ya kuegesha na kulala, saa 24, bure. Usitegemee umeme wala bafu, na gari lazima liwe na choo chake. Kununua bidhaa zao ni hiari.

Mzee katoka na mabuti yenye tope, akatuonyesha sehemu tambarare chini ya mti.

Akainama, akaokota jiwe pale tairi litakapokaa, akalitupa pembeni.

Akaenda zake. Hata majina hakuuliza!

Mpaka sasa nalifikiria lile jiwe.

(Juisi ya zabibu tumenunua, lakini. Aibu nayo ina bei.)

Wenye viwanja njia ya Mikumi kwenda Iringa, wageni wa magari haya wakibisha hodi magharibi, mngefungua geti? Mngetoza ngapi? Semeni ukweli 😂