Korosho Tano za Berlin

Juzi binti yangu karudi shule na mchoro wa dinosaria, mjusi wa kale mwenye shingo ndefu hadi imevuka ukingo wa karatasi, ikabidi aunganishe karatasi ya pili kwa gundi. Mwalimu kawaambia mnyama huyo alitoka kwetu, Tendaguru, mkoa wa Lindi. Akaniuliza begi likiwa bado mgongoni: "Mama, mifupa yake iko wapi?" Nikamwambia iko Berlin, Ujerumani. Akafikiri kidogo.

"Babu ameshaiona?"

Nikamwambia akanawe mikono kwanza.

Januari 2020 nilikwenda Lindi na karatasi moja mkobani, ratiba ya siku tano za Berlin. Nilikuwa nimehangaika nayo miezi mitatu. Shoga yangu tuliyesoma naye chuo anaishi Wedding, sehemu ya Berlin, si mbali na mtaa unaoitwa Sansibarstraße, yaani Mtaa wa Zanzibar, na alishatuandikia barua ya mwaliko. Kutoka kwake ungepanda treni ya chini ya ardhi, ile ya U6, kituo cha sita ukateremkia mlangoni kwa Makumbusho ilimo mifupa ile. Baba alishapata pasipoti, shilingi 150,000 alizozitoa kwenye pesa za korosho. Tungeondoka baada ya Idi, tufike Jumamosi tarehe 6 Juni, turudi Ijumaa inayofuata.

Mnaomfahamu Baba mnajua kwa nini Berlin na si kwingine. Babu yake alikuwa mpagazi. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, vita vya Majimaji vikiwa vimeisha juzi tu, njaa imeviramba vijiji, na ujira wowote ukiitwa ujira. Mifupa ilishuka vichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku tatu nne porini hadi bandari ya Lindi, na kwa miaka ile ilipita zaidi ya tani 200. Babu alibeba na hakuambiwa anabeba nini. Alichomwachia Baba ni mambo mawili: kwamba mzigo ulifungwa kwa mianzi, na kwamba ukifika kituo unautua taratibu, kama unayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia.

Basi usiku ule, baada ya isha, tulikaa barazani juu ya jamvi. Taa ya sola ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, katikati yetu sahani ya bati yenye korosho za kukaanga. Baba akasema nimsomee siku moja moja, asichanganye. Kila nikisoma siku, akachukua korosho moja na kuiweka juu ya mstari wake.

"Jumapili, Lango la Brandenburg, halafu kuba la kioo la Bunge. Huko tunajiandikisha mapema, jina na tarehe ya kuzaliwa, ila hawatozi kitu."

Korosho.

"Jumatatu, Makumbusho."

Hiyo aliichagua. Aliziacha mbili zilizovunjika, akaweka nzima.

Jumanne mnara wa televisheni, mita 368. Jumatano kile kisiwa chao cha makumbusho katikati ya mto. Alhamisi kupumzika na kununua zawadi. Korosho tano zikakaa kwenye karatasi kama watu waliojipanga.

Nikafungua simu nimwonyeshe huko tunakokwenda. Mtandao wa kule kwetu huja vipande vipande, na kipande cha kwanza kilichokuja kilisema Jumatatu Makumbusho hufungwa. Miezi mitatu, na jambo hilo sikuliangalia. Baba hakusema neno. Aliiinua ile korosho nzima, akabaki nayo kiganjani.

Nikaendelea kusoma ili tu tusikae kimya. Mjusi mwenyewe, kimo mita 13.27, amesimamishwa ukumbini tangu 1937. Baba akaitikia kwa kichwa, hayo alishayajua. Kisha nikafika kwenye sentensi ambayo nusura niipite: kwamba vifurushi kadhaa vya mianzi vilivyotoka Tendaguru bado vimo ghalani, havijafunguliwa tangu vilipofungwa.

Baba akaacha kutafuna.

"Rudia."

Nikarudia.

"Kwa mianzi?"

"Kwa mianzi, Baba."

Picha ilichukua muda kufunguka. Kwanza ukungu wa kahawia, baadaye umbo la kama ngoma, mwisho zikaonekana fito zenyewe, zimepangwa wima kuuzunguka mzigo. Aliisogeza simu karibu na taa, akaitenga, akaisogeza tena. Kidole chake kilichokakamaa kwa jembe kikafuata ufito mmoja kutoka juu kwenda chini, na kioo kikakuza picha hadi ukabaki ule ufito peke yake. Hakuniomba niirudishe. Niliona pingili mbili za muanzi zikijaza kioo chote, na uso wa Baba ukimulikwa kutoka chini.

"Yameandikwa majina ya waliobeba?"

Nikatafuta. "Kuna namba, Baba."

"Namba za mifupa."

"Ndiyo. Za mifupa."

Jirani alikuwa akitwanga kisamvu. Tulisikiliza kinu hadi kikanyamaza.

"Wameviweka chini, au viko juu ya kitu?"

Nikamwambia naona viko rafuni.

"Basi kuna watu hawajatua," alisema. Hakuwa ananiambia mimi.

Akaila ile korosho ya Jumatatu. Halafu akazikusanya za Jumanne, Jumatano na Alhamisi, akazirundika zote pamoja pale nilipoandika Makumbusho. "Jumatatu tutazunguka kwenye malango yako. Siku zilizobaki tuko huku."

Fomu ya viza nayo ilikuwepo, na kwenye madhumuni ya safari nilikuwa nimeweka alama ya utalii kwa penseli. Akaniuliza kama hakuna kisanduku kingine. Nikamsomea: biashara, michezo, matibabu, masomo, kutembelea jamaa au marafiki.

"Weka hicho cha jamaa."

Nikasema ni sawa, maana tunafikia kwa shoga yangu, kwa hiyo haitakuwa uongo.

"Si uongo hata kidogo, mama."

Usiku uleule nilianza kuwaandikia watu wa Makumbusho, kuwaomba wamruhusu mzee mmoja wa Lindi aingie ghalani japo dakika tano. Sikujua nimweleze mtu nisiyemjua namna gani. Barua ile bado imo kwenye rasimu zangu, imeishia kwenye neno "babu".

Machi korona ikafika. Berlin walifunga makumbusho, ndege zikasimama, na Juni tarehe 6 nilimpigia Baba tukaongea habari za mbaazi. Baada ya hapo ikaja ada, likaja paa, likaja goti lake la kushoto. Shoga yangu ameniita tena mara mbili. Mwaka 2024 alinitumia picha ya mtaa wa hukohuko Wedding ulioitwa Petersallee, sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Nikamrushia Baba picha ile nikidhani itamfurahisha, na ilimfurahisha, alisema ni jambo jema. Kisha akauliza, "Na ile mianzi?"

Nimesikia wanaosema mifupa irudi, nimesikia na wanaosema huko imetunzwa. Nikiwasikiliza hao nakubali, nikiwasikiliza wale nakubali, na nikimkumbuka Baba na kile kioo cha simu naelemea upande wa kurudi. Ila yeye hakuwahi kuniomba makubwa hivyo. Aliomba kufikishwa mbele ya rafu. Kuna siku najiambia goti ndilo lililotuzuia, na kuna siku najua kwamba goti limeanza mwaka juzi tu.

Juzi ile, baada ya kunawa mikono, binti alichukua simu akampigia mwenyewe, akaweka sauti ya wazi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Babu, umeshamwona yule mjusi wa Berlin?"

Tukasikia kuku wa kule nyumbani, na redio yake ikipunguzwa.

"Bado."

"Utaenda lini?"

"Mama yako yupo hapo?"

"Abee, Baba," nikasema.

"Jumatatu bado wanafunga?"