Jinsi M'Cheyne alivyonirudisha kwenye Biblia

Nimelelewa katika Kanisa la Kipresbiteri nchini Kenya, ambako Waskoti, waliotuletea kanisa hili, hawako mbali nasi. Kituo chao cha misheni cha Thogoto ni cha mwaka 1898, na jina lenyewe, tulivyosimuliwa tangu utotoni, ni namna Wagikuyu walivyowaita Waskoti hao. Hata hivyo, kwa miaka mingi niliwajua wanazuoni wa imani hiyo kama mtu anavyoyajua majina ya barabara anazopita. Wa kwanza kunifaa kweli ni Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa kanisa la St Peter's mjini Dundee, Uskoti, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 29 tu.

Nilianza naye vibaya. Mwishoni mwa Desemba 1842 M'Cheyne aliwaandalia washirika wake ratiba ya kusoma Biblia, inayompitisha msomaji katika Agano la Kale mara moja, na katika Agano Jipya na Zaburi mara mbili, ndani ya mwaka mmoja. Siku nyingi zina sura nne, mbili za kusomwa na jamaa nzima na mbili za faraghani. Nilibandika jedwali hilo kwenye mlango wa friji, nikawa natia alama kila jioni. Kufikia Machi, kwenye vipimo vya hema ya kukutania katika kitabu cha Kutoka, nilikuwa nyuma kwa siku 11. Jumamosi moja nikaamua kulipa deni lote kwa mkupuo, zaidi ya sura 40, na nilipofunga kitabu mke wangu akaniuliza nimesoma nini. Sikuwa na jibu. Nikalibandua jedwali.

Kilichonirudisha ni barua ya M'Cheyne iliyotangulia jedwali, ambayo sikuwa nimejisumbua kuisoma. Humo anataja hatari kabla ya kutaja faida hata moja: kusoma kwa mazoea, kujihesabia haki, kusoma bila kuzingatia, na nira iliyo nzito mno. Kwa yule ambaye ratiba itamwia mzigo, anamshauri aitupe pingu hiyo na kula kwa uhuru katika bustani ya Mungu. Niliyaona makosa yangu yote ya Machi yamepangwa pale, moja baada ya jingine, na mtu ambaye hakupata hata kuumaliza mwaka wake wa kwanza wa ratiba hiyo: alifariki kwa homa ya taifasi tarehe 25 Machi 1843, ratiba ikiwa katika sura za mwisho za Kutoka, karibu na pale pale nilipoanguka mimi.

Januari iliyofuata nilianza upya, bila kalamu ya kutia alama. Siku iliyopita niliihesabu imepita. Nikikosa Jumanne, Jumatano nasoma ya Jumatano. Sura za faraghani nikazisoma alfajiri kabla simu haijawashwa, na zile za jamaa baada ya chakula cha jioni, kabla vyombo havijaondolewa mezani, kwa sababu vikishaondoka watoto nao huondoka.

Tarehe 5 Januari zamu ilikuwa ya Mwanzo 5, sura ambayo peke yangu ningeiruka. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyesoma, na kila alipofika kwenye neno "akafa" alikunja kidole. Adamu, akafa. Sethi, akafa. Alikunja vidole sita, kisha akafika kwa Henoko, akasoma, akarudia kusoma, akaniangalia. "Baba, huyu mbona hakufa?" Tulikaa pale hadi chai ikapoa, tukimzungumzia Henoko aliyetembea na Mungu hadi Mungu akamtwaa, na sidhani nimewahi kuhubiriwa vizuri zaidi kuhusu kutembea na Mungu.

Miongoni mwa faida alizozitaja M'Cheyne ni kwamba wazazi watakuwa na jambo la kuwauliza watoto wao, na mchungaji atajua kundi lake linajilisha katika malisho gani. Hii ya pili niliidhania ni mapambo ya lugha, mpaka baba yangu, mzee wa kanisa aliyestaafu huko Nyeri, alipoomba nimpelekee nakala ya jedwali. Sasa akipiga simu jioni haulizi kwanza habari za kazi wala za mvua.

"Leo mmejilisha wapi?" huuliza, na binti yangu huninyang'anya simu ili amjibu guka wake, yaani babu yake, mwenyewe.